Jumla ya Ubaoni

Saa nane za usiku, Mabatini, juu kwenye mawe.
Nyumba yetu imekaa begani mwa jabali,
kompyuta imekaa magotini mwangu,
na programu ya mizani ya Kirumba inasema: sifuri.

Sifuri!
Na asubuhi nilikuwepo mwaloni,
nimeona kwa macho yangu magunia arobaini na matatu ya dagaa
yakipanda mizani,
Nyamizi akizitaja kilo
kwa sauti ya mtu anayedai deni.

Nilichoandika si kingi.
Juu kabisa, nje ya kila kitu: jumla ni sifuri.
Chini yake fanksheni, nimeiita pima.
Ndani ya pima, jumla inaanza na sifuri yake yenyewe,
kisha gunia baada ya gunia inanenepa,
inafika elfu moja mia nane tisini na mbili,
nimeiona ikifika.
Halafu pima inafunga mlango
na jumla iliyonenepa inayeyuka mle mle,
haiachi hata harufu.
Ile ya nje inanikodolea macho
kama dirisha la ofisi siku ya Jumapili.

Vitabu vinakiita kigeugeu.
Kigeugeu gani hiki, nimekibembeleza saa tatu
na hakijageuka?

Ndipo nikamkumbuka Nyamizi.

Nyamizi huandika hesabu kiganjani, kwa biki.
Akitoka chumba cha mizani ananawa,
anasugua kwa sabuni ya mche hadi kwenye viwiko,
maana ana mchumba Nyegezi na mchumba ana pua.
Leo mwenyekiti Magesa alisimama mbele ya ubao,
ule wa chaki, ulioandikwa JUMLA kwa rangi nyekundu,
akauliza, "Sifuri? Mlikuwa mnapima upepo?"
Nyamizi akafungua kiganja.
Kiganja kilikuwa cheupe, kinanukia mche.

Hakudanganya. Jumla alikuwa nayo.
Alikuwa nayo mle ndani.

Na mimi ningejua mapema, mimi niliyerithi jina la shangazi.
Ukiita "Limi!" sebuleni kwetu
anaitika Limi aliye sebuleni.
Yule wa Ukerewe anaendelea kumenya muhogo wake,
hata uite mpaka bati litoboke.
Jina ni moja. Anayejibu ni wa karibu.

Basi nikaongeza mstari mmoja kwenye kizingiti cha pima,
mstari wa kuomba ruhusa:
jumla nitakayoigusa humu ni ile ya nje, ya wote.
Nikabonyeza.
Elfu moja mia nane tisini na mbili.
Nikacheka peke yangu, mbwa wa jirani akanijibu.

Lakini usingizi haukuja.
Kesho nitaandika fanksheni ya ushuru,
keshokutwa ya punguzo, nyingine ya magunia yaliyorudishwa,
na kila moja itaomba ruhusa ile ile,
kila moja itaingiza mkono.
Siku jumla ikiharibika nitamkamata nani?
Chini kule Mirongo unapita gizani, nausikia,
na kila nyumba ya kingo zake inajua
kwamba ndoo yake ni moja tu, na ni ndogo,
na maji ya kufulia si sumu.
Wote wanasema kweli.
Ziwa linapokea, halina kufuli,
halina daftari la nani alimwaga nini.

Nikaufuta ule mstari.
Pima ibaki na jumla yake, mlango wake, kuta zake,
ila ikimaliza irudishe:
itoke na namba mkononi, inipe,
na aliye nje, mmoja, anayejulikana,
ndiye aandike ubaoni.

Betri asilimia nne.
Namtumia Nyamizi ujumbe, atausoma alfajiri
na atadhani nimelewa:
kesho, dada, usinawe
kabla hujafika kwenye ubao.